Wadudu Wanaokula Thina

Kilichomuuma Fundi Nassibu Feruzi, kwanza kabisa, kilikuwa salamu. Kila asubuhi Marcelina alipofika karakana aliweka kikapu chake chini, akapitiliza hadi nyuma ya banda kwenye tangi jeusi, akafunua mfuniko, akainama na kuvuta harufu, kisha akasema kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Anawasalimu wadudu. Akishamaliza kuwasalimu wadudu ndipo anageuka na kumtupia Nassibu shikamoo ya mbio mbio, na Nassibu anaitikia marahaba huku roho inamchoma. Miaka sita amemfundisha binti yule kazi, leo anasalimiwa baada ya bakteria. Mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu, anaona wivu kwa vitu ambavyo hata macho hayavioni. Mcheke mkitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nassibu ni mtu wa Tabora mjini, wa zamani hasa. Babu wa babu yake alifika na misafara ya pembe, miguu ikavimba, akakataa kuendelea Ujiji, akabaki hapa kuwachongea Waarabu wa Kwihara milango. Tangu hapo ukoo wao umekula mbao. Nassibu mwenyewe hakujaliwa sana mkono wa kuchonga. Yeye mkono wake ulikuwa wa polishi. Mpe mlango wa mninga uliopauka, ausugue kwa msasa, aupake sila ya kuzibia vinyweleo vya mbao, aupulizie vanishi mara tatu, halafu njoo ujitazame humo uchane nywele. Kwenye ushirika wao wa maseremala walikuwa watu thelathini, na kitanda hakikutoka getini mpaka Nassibu akipitishie kiganja. Uenyekiti hakuutaka, hata ulipoletwa hadi mlangoni kwake. Alichotaka ni kuulizwa tu. Mtu akija na kusema, "Fundi, hapa nifanyeje?" siku ya Nassibu imekamilika.

Na aliyekuwa anauliza kuliko wote ni Marcelina. Alishuka na treni kutoka Usoke, mtoto wa wakulima wa tumbaku, akaanzia chini kabisa kwa kusugua msasa. Fundi, hii imekauka? Fundi, thina niongeze kiasi gani? Fundi, mbona hapa pametoka mabaka? Wengine Nassibu aliwafokea kwa maswali nusu ya hayo. Huyu alimjibu yote, na akifika nyumbani alimsimulia mkewe, Tatu, jinsi alivyomjibu.

Sasa thina, kwa asiyeijua, ni maji makali ya kuyeyushia vanishi na kuoshea mashine za kupulizia. Inanuka mpaka kichwa kinauma, na ni sumu. Miaka nenda rudi karakana ilikuwa ikiosha vyombo na kumwaga nyuma, kwenye mtaro, na mmwagaji mkuu, kwa kuwa ndiye mpiga polishi, alikuwa Nassibu. Mwaka juzi kisima cha jirani kikaanza kutoa harufu. Wakaguzi wa mazingira wakaja, wakanusa, wakasema maneno machache: tafuteni njia ya kusafisha maji yenu au fungeni.

Ushirika ukahangaika, ukapata msaada wa chuo kimoja, na kutoka huko akaja mtaalamu kijana anaitwa Damas. Damas akaleta tangi lililojazwa kokoto na pampu ya upepo. Halafu akafanya jambo lililowashangaza watu: akaingia mtaroni na buti zake, akachota tope lile lile linalonuka, akaliweka ndani ya tangi. Akawaeleza kwamba kwenye tope hilo kuna bakteria ambao kwa miaka mingi hawakupewa chakula kingine ila thina, wakajifunza kuila. Wapeni hewa, wapeni mbolea kidogo, wapeni maji yenye thina kwa kiasi, watazaliana na kugandama kwenye kokoto kama ute. Sumu inaingia juu, wadudu wanaila, chini yanatoka maji yasiyo na harufu. Na kweli ikawa hivyo. Baada ya hapo mtaro ukafukuliwa wote, tope likasombwa kwenda kuchomwa mbali, na mahali pake pakamiminwa zege.

Ikabaki kumchagua mtunzaji. Watu wote waligeuza shingo kumtazama Nassibu, na Nassibu alikuwa ameshaiweka sawa kofia yake. Damas akauliza swali moja tu, kama kuna aliyewahi kulea kitu kinachotaka kupewa kidogo kidogo. Ndipo Marcelina, akiwa na vumbi la msasa mpaka kwenye kope, akaanza kusimulia kitalu cha tumbaku kwao: mche ukiupa mbolea kali kwa pupa unaungua, unaupa unavyoomba. Akasimulia bani, ile nyumba ya kukaushia majani, ambamo moto unapandishwa taratibu kwa siku kadhaa na baba yake alikuwa akijua hali ya jani kwa kunusa hewa ya mlangoni. Damas akamkabidhi ufunguo wa koki pale pale. Watu wakapiga makofi. Nassibu naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Kuanzia siku hiyo alikosa raha. Maseremala waliokuwa wakija kwake sasa walipita wakimtafuta Marcelina: leo tuoshe mashine saa ngapi, hii ndoo tuimwage au isubiri? Siku moja binti akamwambia yeye, Nassibu, mbele ya watu, kwa adabu zote, kwamba anatumia thina nyingi mno kuoshea brashi na nusu yake ingetosha. Akajaribu nusu. Ikatosha. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wakaja wageni kutoka Nzega, wakaja wengine kutoka Isikizya, wakapiga picha na Marcelina kando ya tangi. Kwenye picha iliyobandikwa ofisini Nassibu alionekana kiwiko tu. Hata nyumbani hakukuwa na salama. Tatu alikuwa amesikia habari sokoni, akamuuliza hao wadudu wakoje, wanafananaje, na huyo binti amesomea wapi hata akawa na akili hivyo. Nassibu akasema hajui, akasukuma sahani, akadai ugali una mabuje. Ugali haukuwa na mabuje.

Pale karakana walikuwa na desturi yao ya kuachiana zamu. Ijumaa adhuhuri Waislamu wakienda kuswali, Wakristo wanaangalia kazi. Jumapili Marcelina akiwa kwenye ibada huko kwao Moraviani, Nassibu ndiye aliyekaa na tangi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno: kikombe kimoja cha maji ya thina kila baada ya saa mbili, basi. Kikombe chenyewe binti alikuwa amekitundika kwenye msumari, na ufunguo wa koki alimwachia, na kila Jumamosi jioni alirudia kumwambia, kikombe kimoja, Fundi. Kama vile anamwelekeza mtoto anayetumwa chumvi dukani.

Jumapili moja, wiki tatu kabla ya wakaguzi kuja kuchukua maji ya kupima, Nassibu alikuwa peke yake. Kulikuwa na kazi ya madawati ya shule iliyokwisha Jumamosi, imebakiza ndoo mbili za thina iliyotumika, kali, nzito. Pampu inakoroma. Kikombe kinaning'inia. Nassibu akakitazama kikombe kile kwa muda mrefu, na kadiri alivyokitazama ndivyo alivyozidi kuwaka. Akainuka, akafunua mfuniko, akabeba ndoo ya kwanza, akaimimina yote.

Hakutaka wafe. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Alitaka waugue kidogo, povu lipungue, harufu irudi, ili Jumatatu asubuhi Marcelina aje mbio na kusema, "Fundi, nifanyeje?" Na jibu alikuwa nalo tayari. Vanishi ikilemewa na thina unaiacha wazi ipumue, inarudi yenyewe. Amefanya hivyo mara elfu. Akachukulia kwamba wadudu nao ni kama vanishi. Mtu aliyeshika brashi miaka thelathini na mitano ndiye pekee angeweza kukosea namna hiyo, na kukosea huku akijiamini. Kisha, kwa hasira tu, akaimimina na ndoo ya pili.

Jumatatu Marcelina alifunua mfuniko na hakutoa salamu. Akakunja mkono wa blauzi, akaingiza mkono ndani, akatoa kokoto moja. Ute uliokuwa wa kahawia umekuwa wa kijivu na unabanduka kama ngozi ya kidonda. Harufu ya thina ilitoka mle ndani ikajaa uwanja. Nassibu alikuwa hatua tano tu, ametulia, anasubiri kuulizwa. Binti alimpita akaenda kumpigia simu Damas.

Mwenyekiti wao, Ezekia, mzee wa kanisa na mtu asiyependa mzunguko, akawaita wote wawili akauliza kilichotokea. Nassibu akasema yeye alifuata kikombe. Aliyasema maneno hayo bila kupepesa. Marcelina akamtazama mara moja, akainamisha macho, akasema labda pampu ilizimika, labda yeye mwenyewe alikosea kipimo Jumamosi. Ezekia akasema basi lawama ni ya binti, maana tangi ni lake.

Alichosema Damas kwenye simu kiliwakata maini wote. Wadudu wamekufa karibu wote. Inatakiwa mbegu nyingine, tope la mahali palipokunywa thina miaka mingi. Udongo wa kawaida ungechukua miezi kuwazoesha. Na mtaro ndio huo, zege. Wakaguzi wako njiani, maji yakipimwa yakiwa na sumu geti linafungwa, na watu thelathini wanarudi nyumbani kuwaeleza wake zao. Ezekia aliwatuma vijana kuulizia gereji za mjini, wakarudi na udongo wa oili chafu. Damas akasema huo sio, wadudu wa humo wana mdomo mwingine, wamezoea oili.

Nassibu alijua udongo unaofaa ulipo. Alijua tangu simu haijakatwa. Ushirika ulikuwa na sheria kali kwamba mwanachama haruhusiwi kupeleka kazi ya wateja nyumbani. Na Nassibu, kwa miaka kumi na moja, alikuwa akipiga polishi uani kwake kila jioni, makabati ya watu na vitanda vya maharusi, na thina akiimwaga nyuma ya jiko. Pale nyuma ya jiko mchicha wa Tatu ulikataa kuota. Tatu alipanda, ukafa. Akapanda tena, ukafa. Mumewe alimwambia udongo wa pale una chumvi.

Siku mbili alizunguka na siri hiyo. Kutoa udongo ni kujitaja, na kujitaja ni kufukuzwa ushirika. Wakati huo huo alikuwa akimwangalia Marcelina anavyotoa kokoto moja moja na kuziosha, vidole vimechanika, hajala. Haya, si alitaka binti ashuke? Ameshuka. Nassibu akaingoja ile raha, haikuja. Kwa sababu hata pale chini alipokuwa, watu walimzunguka Marcelina, huyu anambebea maji, yule anamletea chai, na Nassibu amekaa peke yake na mlango wake wa mninga. Akamwonea wivu hata kwa msiba wake.

Jumatano, baada ya kuswali alfajiri, alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Alijaza ndoo mbili. Tatu alitoka na kanga yake, akasimama mlangoni, akamuuliza anachimba nini, akajibiwa ni mambo ya kazini. Akasogea, akachukua bonge la udongo, akalinusa.

"Kumbe chumvi yenyewe ndiyo hii," akasema, akaingia ndani.

Nassibu alifunga ndoo kwenye baiskeli akaenda nazo karakana. Aliwaambia udongo umetoka kwenye kiwanja cha fundi mmoja marehemu, mpiga polishi wa zamani, na kwamba amebembeleza sana warithi. Uongo ulitoka laini kuliko alivyotarajia. Marcelina alizipokea ndoo zile, akanusa, akasema asante Fundi, hakuuliza zaidi. Akaanza upya kabisa: udongo kidogo, mbolea kijiko, thina matone, hewa mchana kutwa. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya nane kokoto zikaanza kuteleza. Siku ya kumi na mbili povu likapanda, na harufu ya thina ikafifia, ikabaki harufu ya ardhi baada ya mvua. Wakaguzi walikuja siku yao, wakajaza chupa zao, wakaondoka, na wiki iliyofuata barua ikafika: maji ni safi, endeleeni na kazi.

Ezekia akaitisha mkutano wa wanachama wote. Wakakaa juu ya mbao na vitanda visivyokwisha. Mwenyekiti akasoma barua, akasifu, kisha akafika kwenye jambo lake. Alisema ushirika umenusurika kwa sababu ya mtu mmoja, mkongwe aliyejua pa kwenda kila mtu aliposhindwa, na kwamba tangi haliwezi kubaki kwa aliyeliua mara moja. Kwa hiyo kuanzia leo tangi ni la Fundi Nassibu, na Marcelina atarudi kwenye msasa. Makofi yakapigwa, yale yale aliyoyakosa siku ile, mengi zaidi. Jamani, kila alichokitamani kilikuwa mezani, kimeandaliwa, kinamngoja anawe tu.

Marcelina akasimama. Akavua ufunguo shingoni, akaja mbele, akampa kwa mikono miwili. Hakulia wala hakununa.

"Fundi, ukiona povu limelala, usimwage kitu," akasema. "Niite, hata nikiwa ibadani."

Ezekia akamtaka Nassibu aseme neno la shukrani. Nassibu akainuka na ufunguo mkononi, ukiwa na joto la shingo ya yule binti. Akatafuta maneno ya shukrani. Aliwaza koki ile, kikombe kile, na ute ambao hajui hata unavyotakiwa kuonekana ukiwa mzima. Aliwaza kwamba wakifa tena hatakuwa na mtu wa kumsingizia. Hilo la mwisho ndilo lililomshika, nisimsafishe sana. Lakini alipokwisha kufungua mdomo, yote yalitoka.

"Ni mimi," akasema. "Jumapili ile nilimwaga ndoo mbili za madawati. Na udongo si wa marehemu yeyote. Umetoka kwangu, nyuma ya jiko, ninapofanya kazi za watu kwa siri."

Mtu mmoja nyuma aliteremka polepole kutoka juu ya kabati alilokuwa amelikalia. Ezekia alimgeukia Marcelina, akamuuliza kama alikuwa anajua.

Marcelina akasema alijua tangu Jumatatu ile asubuhi, maana ndoo za madawati alizoziacha zimejaa alizikuta tupu. Ezekia akauliza, na hizo kazi za siri? Nazo alizijua, akasema, tena zamani: Jumamosi wanaondoka wote mikono imeoshwa, Jumatatu Fundi anakuja na vanishi mbichi chini ya kucha.

"Sasa mbona ulikaa kimya ukabeba lawama mwezi mzima?"

"Ningemtaja siku ile angekana," Marcelina akasema, "na sisi tungeanza kubishana mpaka wakaguzi wafike. Nilitaka udongo kwanza."

Aliyasema hayo taratibu, bila kumtazama Nassibu, kama anayeeleza kipimo cha mbolea. Nassibu alikuwa bado amesimama. Mwezi mzima alijiona ndiye mjanja, anayejua lisilojulikana, na mwezi mzima yule binti alikuwa akimwangalia, akimpa nafasi, akimsubiri ajilete mwenyewe na ndoo zake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angependa sana iwe aibu tupu, maana aibu ni kitu cha heshima kidogo. Lakini chini yake alimhisi yule rafiki yake wa siku zote yupo, mzima, hajaguswa: alimwonea Marcelina wivu kwa kule kunyamaza. Yeye asingeweza. Hata siku moja asingeweza, na alijua.

Akaushika ufunguo mbele yake, hajui amkabidhi nani, mwenyekiti au binti. Mwishowe Marcelina akasogea, akauchukua mwenyewe, akauvaa. Kisha akatoka nje kwenda kwenye tangi, kwa sababu saa mbili zilikuwa zimepita na wadudu hawajala.